Diski ya seva kwenye laptopu: hiyo kasi ni ya nani?

Kuna maneno ambayo ukiyabandika kwenye bidhaa yoyote, bei inapanda yenyewe bila kuguswa. Zamani lilikuwa "ya Ulaya". Siku hizi, ukipita kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta vilivyotumika, neno lenye nguvu ni "ya seva". RAM ya seva. Feni ya seva. Na mfalme wao, hadi diski ya seva: "Hii bosi wangu haifi, inazunguka mara elfu kumi na tano kwa dakika, ukiifunga kwenye laptopu yako utasahau kusubiri." Anakuwekea kiganjani uipime uzito. Na kweli ni nzito. Sisi Wabongo tukishashika kitu kizito tunaamini ni imara.

Haya, inafanya kazi kwenye laptopu au haifanyi? Jibu langu fupi: nyingi haziingii kabisa, nyingine zinaingia lakini haziwaki, na chache sana zinaingia, zinawaka, halafu zinakutesa. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike, maana naona vijana wenzangu, hasa sisi wa kalamu na kinasa sauti tunaozunguka na kazi zetu zote kwenye mkoba, wanatoa hela ya maana kwa ajili ya neno hilo moja. Na hela ikipotea si tatizo kubwa sana. Kubwa ni kile kinachokuwa kimehifadhiwa ndani ya diski siku inapogoma.

Lakini tuanze kwa kumtendea haki muuzaji. Mbio anazozisema zipo kweli, hakuzitunga. Hadi diski ni mashine ya kuzunguka: ndani mna sahani zinazong'aa kama kioo, mota inazizungusha, na juu yake kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea bila kugusa. Zile namba mnazozisikia, 5400, 7200, 10,000, 15,000, ni mizunguko kwa dakika moja. Ukifungua faili, kichwa kinasogea mpaka kwenye mstari wake, kisha kinasubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Kwa wastani kinasubiri nusu mzunguko. Kwenye diski ya 4200 hiyo nusu ni milisekunde 7 hivi. Kwenye 5400 ni 5.6, kwenye 7200 ni 4.2, na kwenye 15,000 ni 2 tu. Utasema milisekunde ni nini? Ni kidogo, ila kompyuta ikiwaka inaomba vipande vidogo vidogo vya mafaili maelfu kwa maelfu, na kila kipande kina subira yake. Zikijumlishwa ndiyo ile dakika unayoimaliza ukitazama alama inayozunguka huku chai inapoa.

Kuna na hili ambalo watu hawalisemi. Sahani ya diski ya kompyuta ya mezani ina kipenyo cha kama milimita 95. Ya laptopu ni kama 65. Zikizunguka zote mara 7200 kwa dakika, ukingo wa ile kubwa unakimbia karibu kilomita 129 kwa saa, na ukingo wa ile ndogo ni kilomita 88 hivi (pigeni hesabu wenyewe, ni kipenyo mara pai mara mizunguko). Maana yake hata kwa namba ileile ya mizunguko, diski kubwa inapitisha data nyingi zaidi chini ya kichwa kila sekunde. Kwa hiyo aliyekwambia diski ya mezani ina kasi kuliko ya laptopu hakukudanganya. Alichokificha ni kwamba kasi hiyo inalipiwa, na anayelipa ni kompyuta nzima: sanduku, umeme, feni, na utulivu wa mahali ilipowekwa.

Chukua umbo kwanza, hilo halina mjadala. Diski ya mezani, ile inayoitwa ya inchi 3.5, ina upana wa milimita 101.6, urefu wa 147 na unene wa kama 26. Nafasi ya diski kwenye laptopu ilitengenezwa kwa ajili ya ile ya inchi 2.5, ambayo upana wake ni milimita 70 kasoro kidogo, urefu 100, na unene 9.5 au 7. ThinkPad X220 ya mwaka 2011, ambayo bado naiona mikononi mwa watu wengi na ambayo mimi binafsi naipenda kwa kibodi yake, inataka ya milimita 7. Milimita saba! Hapo hakuna fundi wa kukusaidia, labda atoboe meza.

Sasa muuzaji mjanja atakwambia, "Kaka, hii ni ya seva lakini ni ya inchi 2.5, saizi ya laptopu." Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Ni kweli seva zilihamia kwenye inchi 2.5 muda mrefu uliopita. Seagate walitoa Savvio ya mizunguko 10,000 kwa umbo hilo mwaka 2004, na ya 15,000 ikafuata mwaka 2007. Na hata zile Cheetah zao za zamani za 15,000, za kuanzia mwaka 2000, zilikuwa na sahani ndogo ndani ya sanduku kubwa, kwa sababu sahani pana ikizungushwa kwa mbio zile inaleta joto na mtikisiko usiovumilika. Lakini ukiitazama diski ya seva ya inchi 2.5 kwa ubavu, unene wake ni milimita 15. Upana wa laptopu, urefu wa laptopu, unene wa chapati mbili. Mfuniko haufungi.

Tuseme umeacha mfuniko wazi. (Wapo, msicheke.) Linakuja suala la umeme. Diski ya kawaida ya laptopu inakula volti 5 tu. Diski za mezani na hizi za seva zinataka volti 5 kwa ajili ya ubongo na volti 12 kwa ajili ya mota. Plagi ya SATA ina pini za volti 12, ndiyo, zipo kila mahali kwa sababu plagi ni ileile, ila kwenye laptopu pini hizo kwa kawaida hazina kitu. Ni kama swichi ya ukutani kwenye nyumba ambayo haijaunganishwa umeme: unabonyeza, inalia "tak", giza liko palepale. Diski inaamka nusu, mota haizunguki, na kompyuta inasema haijaona kitu.

Halafu kuna lugha. Diski nyingi za seva zenye mbio ni za aina ya SAS, na SAS kwa ndani inazungumza SCSI. Laptopu yako inazungumza SATA. Plagi zake zinafanana kama mapacha, isipokuwa pale katikati ambapo ya SATA ina pengo na ya SAS imejazwa, makusudi kabisa, ili usiweze kuichomeka mahali isipoeleweka. Utauziwa kiadapta cha kuziba tofauti hiyo. Kiadapta hicho kinabadilisha umbo la plagi, hakibadilishi lugha. Ni sawa na kumvalisha Mjerumani kanzu na balaghashia halafu ukashangaa mbona haitikii salamu. Na zile nyaya za USB za kuunganisha diski kwa nje nazo ni za SATA, hazitakusaidia kwa SAS. Zipo pia diski zilizotolewa kwenye makabati makubwa ya kuhifadhia data ambazo vipande vyake vya kuandikia vina baiti 520 badala ya 512 tulizozoea. Hizo hata ukipata kompyuta yenye SAS ya kweli, inabidi uzipange upya kabla hazijakubali.

Iliyokaribia kabisa kutimiza ndoto hii ilikuwa VelociRaptor ya Western Digital, mwaka 2008. SATA ya kawaida, mizunguko 10,000, gigabaiti 300, na kiini chake kilikuwa cha inchi 2.5. Vijana wa michezo ya kompyuta waliisujudia. Lakini watengenezaji wenyewe waliiuza ikiwa imefungwa ndani ya fremu kubwa ya chuma yenye mapezi ya kutolea joto, ya saizi ya inchi 3.5. Ukiivua hiyo fremu unakuta unene uleule wa milimita 15 na hitaji lilelile la volti 12. Yaani hata kampuni iliyokuwa na hamu ya kuuza mbio kwa mtu wa kawaida haikuthubutu kusema kaiwekeni kwenye laptopu. Mimi hilo linanitosha kama ushahidi.

Enhee, kuhusu joto na betri sitakaa sana. Diski ya laptopu ikisoma inatumia kama wati 2. Ya seva ya 15,000 inapita 10. Kama laptopu yako ina betri ya watisaa 50 na kwa kazi nyepesi inakula wati 12, unakaa saa nne na ushee. Ongeza wati 10 za diski, umebaki na saa mbili na robo. Na hizo wati 10 zote zinageuka joto chini ya kiganja chako, kwenye sanduku lenye kifeni cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya uhai. Kwenye chumba cha seva kuna kiyoyozi usiku na mchana na ukuta mzima wa feni zinazonguruma. Sisi wengine hata pangaboi chumbani ni majaliwa ya umeme.

Lakini yote hayo ni mambo ya kutowaka na kutoingia, na kitu kisichowaka angalau hakikuharibii. Linaloniuma mimi ni mtikisiko.

Watu wanadhani diski ya laptopu ni diski ya mezani iliyopunguzwa, ya kimaskini. Sivyo. Ni kifaa cha taaluma tofauti. Waliotengeneza zile diski ndogo walijua zitabebwa mgongoni, zitawekwa mapajani, zitaangushwa kitandani zikiwa zinazunguka. Kwa hiyo kichwa chake kina kijia cha pembeni cha kupandia, nje kabisa ya sahani, na kinaambiwa kikimbilie huko kila kikipata nafasi ya kupumzika. Ndiyo maana zilipewa uwezo wa kupanda na kushuka mara 600,000 katika maisha yake. Kwenye karatasi za watengenezaji, diski ya laptopu ikiwa inafanya kazi inavumilia pigo la zaidi ya mara 300 ya nguvu ya uvutano kwa muda wa milisekunde 2. Ya mezani na ya seva kwa kawaida haifiki 100. IBM waliweka kwenye ThinkPad za mwaka 2003 kifaa cha kuhisi mwendo ambacho kikigundua kompyuta inaanguka kinaamuru kichwa kiondoke juu ya sahani kabla ya kutua chini. Apple nao wakaleta cha kwao mwaka 2005. Fikiria hiyo akili: kati ya meza na sakafu kuna chini ya nusu sekunde, na ndani ya muda huo diski inajiokoa.

Diski ya seva haikufundishwa kuanguka. Inafungwa kwa skrubu kwenye reli ndani ya kabati zito, na inategemewa ikae hapo miaka bila kuguswa.

Kuna mwenzetu mmoja, jina lake tuliache, aliyekuwa na diski kubwa ya mezani, 7200, aliyoichomoa kwenye kompyuta ya ofisi iliyokufa. Haikuingia kwenye laptopu yake, sawa, akaiunganisha kwa waya wa USB na chaja yake ya pembeni, akawa anazunguka nayo mikoani hivyohivyo, tupu, bila kasha, imeviringishwa kwenye fulana. Ilimfaa kwa miezi. Mtwara, msimu wa korosho, ameilaza kwenye ukingo wa meza ya gesti anahamisha sauti kutoka kwenye kinasa. Mhudumu kapita na ndoo, mguu umenasa waya. Ilianguka ikiwa inazunguka. Urefu wa meza tu, kwenye sakafu ya saruji. Baada ya hapo ikawa inatoa sauti moja, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani ya bibi. Wiki mbili za mahojiano na wakulima, wazee waliokubali kusema majina ya waliowapunja kwenye mizani, zilikuwa humo na kinasa kilikuwa kimeshafutwa. Wazee wale wawili alipowarudia hawakutaka kusema tena. Habari ile haikutoka.

Hakuwa mzembe kuliko mimi au wewe. Alitumia kifaa kizuri mahali ambapo hakikuumbiwa. Ndiyo maana nasema hoja ya kasi ikiwekwa mezani peke yake haijakamilika. Kwa mtu wa ofisini anayekaa sehemu moja, milisekunde mbili ni faida. Kwa mtu anayeshuka Ubungo saa kumi na moja alfajiri na laptopu mgongoni, diski inayosoma polepole lakini inayojua kujificha ikitikiswa ina thamani kubwa zaidi, na sijali mashabiki wa namba watasema nini.

Hata tabia zao ni tofauti. Diski ya laptopu au ya mezani ikikutana na sehemu mbovu inang'ang'ana, inarudia kusoma tena na tena, hata dakika nzima, kwa sababu inajua iko peke yake, ikishindwa hakuna mwingine mwenye nakala. Diski ya seva inakata tamaa mapema. Western Digital, kwa mfano, waliziwekea za kwao kikomo cha sekunde 7. Si uvivu huo. Seva ina diski nyingi zilizopangwa ili moja ikishindwa nyingine zijibu, na ikichelewa sana seva itadhani imekufa na kuitoa kwenye kundi. Sasa ichukue diski hiyo iliyozoea kuishi na ndugu zake sita, uiweke peke yake ndani ya laptopu. Itakata tamaa vilevile, ila safari hii hakuna ndugu wa kujibu.

Na ile kauli ya "haifi"? Diski ya seva haijui usiku. Mwaka mmoja ni saa 8,760. Iliyotumika miaka mitano ina karibu saa 44,000 mgongoni kabla hujaigusa. Kabla ya kununua diski yoyote iliyotumika, mwombe muuzaji aiunganishe kwenye mashine yake na afungue programu kama CrystalDiskInfo, utaona saa ilizofanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika. Ni programu ya bure na inachukua dakika moja. Muuzaji akianza kukuambia "aah, dada yangu, hii nimeijaribu mwenyewe jana", wewe aga kwa heshima uondoke.

Je, hakukuwa na njia ya kupata kasi kwenye laptopu bila wizi wa mavazi? Ilikuwepo, na ndiyo maana niligusia mwanzoni kuwa mbio zenyewe si uongo. Mwaka 2003 Hitachi, muda mfupi baada ya kununua biashara ya diski ya IBM, walitoa Travelstar 7K60: gigabaiti 60, mizunguko 7200, unene wa milimita 9.5, volti 5. Ilikuwa ya kwanza ya laptopu kufika 7200, wakati laptopu nyingi zikitambaa na 4200. Mtu aliyeihamia alisikia tofauti siku hiyohiyo. Hiyo ni kasi ya mezani iliyofinyangwa upya ikatosha kwenye mkoba: sahani ndogo, mota ya umeme mdogo, kichwa kinachojificha. Na kinyume chake kinafanya kazi bila tabu yoyote. Diski ya laptopu ukiiweka kwenye kompyuta ya mezani inakaa kwa kifremu cha bei ya soda mbili. Mac mini ya kwanza ya mwaka 2005 ilikuwa kompyuta ya mezani yenye diski ya laptopu. Mdogo anaingia kwenye shati la mkubwa. Mkubwa kwenye la mdogo, linachanika.

Halafu mbio zote hizi zikapitwa. Januari 2008 MacBook Air ilipotoka, ya bei ya kawaida ilikuwa na diski ndogo ya 4200, na ya matajiri ilikuwa na SSD ya gigabaiti 64. SSD haina sahani, haina mota, haina cha kuanguka. Septemba ya mwaka uleule Intel wakaleta X25-M na mjadala wa mizunguko ukaanza kuzeeka. Diski ya 15,000, pamoja na feni zake na kiyoyozi chake, inajibu maombi ya hapa na pale kama 200 kwa sekunde. SSD ya SATA ya kawaida kabisa inajibu makumi ya maelfu, kwa volti 5, kwa unene wa milimita 7, bila kelele. Kwa hiyo mtu anayekuuzia leo diski ya 15,000 kwa ajili ya laptopu anakuuzia bingwa wa mashindano yaliyokwisha.

Msidhani lakini kwamba swali limekufa. Limebadilisha nguo. Sasa hivi seva zinatumia SSD, na SSD hizo zimeanza kushuka kwenye masoko ya mitumba zikiwa na maneno yaleyale. Kuna za U.2, umbo la inchi 2.5, nyingi zikiwa na unene uleule wa milimita 15, zinazotaka volti 12 na zinazoweza kufika wati 25. Kuna za M.2 za seva zenye urefu wa milimita 110 wakati laptopu nyingi zina nafasi ya milimita 80. Hapo unahitaji msumeno, na msumeno hauruhusiwi. Zile za 110 mara nyingi zina vidude vya kushikilia umeme kidogo ili data isipotee umeme ukikatika ghafla. Kitu kizuri sana kwenye seva. Laptopu ina betri, tayari inabeba jenereta yake. Hata SSD mpya za PCIe 5.0 za kompyuta za mezani, nyingi zinauzwa zikiwa na bamba la kutolea joto mgongoni, nyingine na kifeni kabisa. Mnaona tunakoelekea? Ni VelociRaptor na fremu yake, miaka kumi na kitu baadaye.

Kwa hiyo kama mfukoni kuna hela ya kitu kimoja, na laptopu yako ni ya zile za SATA za kati ya 2008 na 2015 hivi, mimi nasema nunua SSD mpya ya SATA ya milimita 7, hata ya gigabaiti 240, usiangalie namba kubwa kubwa kwenye kasha. Laptopu uliyotaka kuitupa itawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Ikibaki hela, ongeza RAM, ya laptopu, si ya seva (hiyo nayo haiingii, tusirudie kilio). Laptopu ikiwa mpya zaidi, fungua kwanza uone nafasi ya M.2 iliyomo ni ya urefu gani na ni ya SATA au NVMe, ndiyo uende dukani. Na ile diski ya zamani ya 5400 iliyokuwa ndani usiitupe. Iweke kwenye kikasha cha USB, iwe ya nakala. Kabla ya kufuta kinasa, nakala mbili, moja ibaki gesti wewe ukitoka.

Wale ambao mmeshainunua ya seva na sasa mnanitazama kwa jicho baya: kama ni SATA ya inchi 3.5, tafuta kasha la nje lenye chaja yake, liweke mahali pasipo na watoto wala ndoo, ulitumie kwa kuhifadhi filamu na picha ambazo una nakala yake kwingine. Kama ni SAS, kuna kadi za SAS za mitumba za kuchomeka kwenye kompyuta ya mezani, zinapatikana mara nyingi kwenye duka lilelile, na bei yake muulize muuzaji yuleyule. Msikilize kwa makini atakavyoanza: "Hii, bosi wangu, ni ya seva..."